Bawa Linapopapatika

Bawa la ndege huundwa ili lipinde. Msafiri aliyeketi dirishani, akiona ncha ya bawa ikipanda na kushuka wakati ndege inapita katika hewa yenye misukosuko, anaona bawa likifanya kile lililoundiwa, kwa kuwa bawa lisilopinda hata kidogo lingelazimika kuwa zito mno, na mshtuko wote wa upepo ungeishia kwenye maungio yake na kiwiliwili cha ndege. Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways na Air Tanzania huitumia katika safari zao ndefu, ina mabawa ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu, na yalipojaribiwa mwezi Machi 2010 kwa kuvutwa juu na mitambo hadi asilimia 150 ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotarajiwa katika maisha ya ndege, ncha zake zilipanda kiasi cha mita 7.6 bila bawa kuvunjika. Hatari huanza kwingine, pale bawa linapopinda na kujisokota kwa wakati mmoja, mienendo hiyo miwili ikapatana, na upepo ukaanza kuilisha yote miwili.

Katika safari ya kawaida ndege hutetemeka kwa sababu nyingi. Injini na pangaboi hazikosi kutetemeka hata zikisawazishwa vipi. Hewa hupiga bawa kama mawimbi yanavyopiga ubavu wa jahazi. Na hewa iliyovurugwa na sehemu moja ya ndege huweza kwenda kuugonga mkia. Mitetemo hiyo huwachosha abiria na, kwa miaka mingi, huichosha metali yenyewe, kwa maana kwamba nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho huanza na kukua kidogo kidogo kila metali inapopindwa na kunyooshwa, jambo linaloitwa uchovu wa metali na ambalo mafundi hulifuatilia kwa ukaguzi wa vipindi maalumu. Hata hivyo, mitetemo ya namna hii ina faraja moja: chanzo chake kikiondoka, nayo hufifia. Upo mtetemo mwingine usiofifia, ambao hukua wenyewe kutoka mtikisiko usioonekana hadi kuvunjika kwa bawa, wakati mwingine katika muda wa sekunde chache. Kiswahili kina neno ambalo kila aliyewahi kumshika kuku akichinjwa analielewa, nalo ni kupapatika. Kwa hiyo mtetemo huo utaitwa hapa mpapatiko.

Kila kitu kinachonyumbulika kina mwendo wake wa asili. Rula ya plastiki ikibanwa ukingoni mwa meza na ncha yake kuvutwa na kuachiwa, hutetemeka idadi ileile ya mara kwa sekunde, iwe imevutwa sana au kidogo. Sehemu iliyochomoza ikifupishwa, hutetemeka haraka zaidi, na ikibandikwa sarafu kwenye ncha, hutetemeka polepole. Idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde ndiyo masafa ya asili ya kitu, na hutokana na ukakamavu wake pamoja na jinsi uzito wake ulivyosambaa. Bawa lina masafa mengi ya namna hiyo, lakini mawili ndiyo ya kuzingatiwa hapa: yale ya kupinda, bawa zima linapopanda na kushuka kama kuti la mnazi, na yale ya kujisokota, ukingo wa mbele unapoinuka wakati ukingo wa nyuma unashuka, kisha kinyume chake. Ndege ikiwa imeegeshwa, masafa ya kujisokota kwa kawaida huwa makubwa kuliko ya kupinda, na kila mwendo huenda kivyake.

Hewa ndiyo inayoikutanisha mienendo hiyo miwili. Katika kasi ndogo hewa humsaidia mhandisi, kwa sababu bawa linapopanda nguvu ya kuliinua hupungua kidogo, na linaposhuka nguvu hiyo huongezeka, hivyo kila mwendo hupata kizuizi chake na kutulia. Kadiri kasi inavyozidi, nguvu za hewa hulifanya bawa kana kwamba limebadilika ukakamavu, masafa ya kupinda na ya kujisokota yakawa yanasogeleana, mpaka mienendo miwili inaungana na kuwa mmoja. Mpangilio wa mwendo huo wa pamoja ndio wenye balaa. Bawa linapopita katikati likielekea juu, ukingo wake wa mbele umeinuka, hivyo hewa hulisukuma juu zaidi. Linapopita katikati likielekea chini, ukingo huo umeinama, hivyo hewa hulikandamiza chini zaidi. Katika kila mzunguko bawa huchota nishati kidogo kutoka kwenye mkondo wa hewa, na nishati inayochotwa ikizidi ile inayopotea, mtetemo hukua. Kasi ambayo hali hiyo huanzia ndiyo kasi ya mpapatiko: chini yake kidogo tu, mtikisiko wowote hufifia, ikipitwa kidogo tu, mtikisiko uleule unakosa breki.

Wengi huuchanganya mpapatiko na rezonansi, yaani hali ya kitu kusukumwa kwa masafa yaleyale ya asili yake, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Bembea humhitaji msukumaji anayejua wakati wa kusukuma. Mpapatiko hauhitaji msukumaji wa namna hiyo, kwani upepo unaoulisha unaweza kuwa mtulivu kabisa, wenye kasi moja isiyobadilika, na mfano wake ulio karibu zaidi ni fidla ya taarabu: mpigaji huvuta uta kwa mwendo mmoja ulionyooka, hatikisi chochote, na bado waya hutetemeka mamia ya mara kwa sekunde, kwa kuwa waya wenyewe ndio unaogawa mvuto ule mtulivu kuwa misukumo inayoangukia wakati wake. Daraja la Tacoma Narrows nchini Marekani, lililofunguliwa tarehe 1 Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka uleule kwa upepo usiofikia kilomita 70 kwa saa, hutajwa katika vitabu vingi vya shule kuwa mfano wa rezonansi. Maelezo hayo yana upungufu, kwani kilichoimaliza barabara ile iliyojisokota huku na huku ni mtetemo uliojilisha wenyewe kutoka kwenye upepo, ndugu wa karibu wa mpapatiko wa bawa.

Elimu inayoshughulikia mambo haya hutazama nguvu tatu kwa pamoja, yaani nguvu za hewa, nguvu za mnyumbuko zinazotaka kukirudisha kitu katika umbo lake, na nguvu za inesha, ambazo ni ule ukaidi wa uzito usiotaka kuanza mwendo wala kuuacha. Mwingereza A. R. Collar alizichora mwaka 1946 kama pembetatu, kila nguvu ikiwa kwenye kona yake, na mpapatiko hukaa ndani ya pembetatu hiyo kwa sababu huzihitaji zote tatu.

Matatizo yalitangulia elimu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu iliyotengenezwa na Handley Page ilipatwa na mtetemo mkali wa mkia, na mhandisi F. W. Lanchester akaitwa kuchunguza. Aligundua kwamba vibao viwili vya mkiani, vile vinavyoinua na kuinamisha pua ya ndege, kila kimoja kilikuwa na nyaya zake ndefu kutoka kwa rubani, kwa hiyo kimoja kiliweza kupanda wakati mwenzake anashuka, na kiwiliwili cha ndege kikasokotwa huku na huku kati yao. Tiba yake haikuwa kuongeza unene wa mkia. Alipendekeza vibao hivyo viunganishwe kwa bomba moja la chuma, ili visiweze tena kwenda kinyume, na wazo hilo la kuwanyima wahusika wawili nafasi ya kupatana vibaya limebaki katika usanifu wa ndege hadi leo.

Miaka michache baadaye, Waholanzi von Baumhauer na Koning walishughulikia kibao kingine, aileroni, kile kilicho nyuma ya bawa karibu na ncha, kinachopanda na kushuka ili kuilaza ndege upande. Aileroni imening'inizwa kwa bawaba mithili ya mlango, na sehemu kubwa ya uzito wake huwa nyuma ya bawaba hizo. Bawa likirushwa juu ghafla, ukingo wa nyuma wa aileroni, kwa ukaidi wa uzito wake, hubaki chini. Aileroni iliyoshuka huongeza nguvu ya kuinua, nayo huzidi kulirusha bawa juu. Bawa likirudi, mambo hugeuka vilevile kuelekea chini. Waholanzi hao walionyesha kwamba uzito mdogo ukifungwa mbele ya bawaba, hadi kitovu cha uzito wa aileroni kikaangukia kwenye bawaba zenyewe, aileroni huacha kubaki nyuma na mpapatiko wa namna hiyo hutoweka. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba ndege inayotakiwa kuwa nyepesi kwa kila njia huponywa kwa kuongezewa kipande cha risasi, metali nzito inayotumika hata kwenye chubwi za wavuvi. Hesabu kamili ya tatizo zima, iwapo bawa linapinda, linajisokota na lina aileroni, ilitolewa nchini Marekani mwaka 1935 na Theodore Theodorsen, mzaliwa wa Norwe, na wanafunzi wa uhandisi wangali wakiisoma.

Pamoja na hesabu hiyo kuwepo, mpapatiko ulirudi kwa sura ambayo watengenezaji hawakuitazamia. Lockheed Electra ilikuwa ndege ya abiria yenye injini nne za tabo, kila moja ikizungusha pangaboi lenye upana wa zaidi ya mita 4, na injini hizo zilichomoza mbele sana ya bawa. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1959 Electra ya shirika la Braniff, ambayo ilikuwa bado mpya, ilivunjikia hewani karibu na mji wa Buffalo katika jimbo la Texas, baada ya bawa lake la kushoto kung'oka, na watu wote 34 wakafa. Wachunguzi walikuwa bado hawajapata jibu wakati Electra ya pili, ya shirika la Northwest, ilipong'oka bawa la kulia juu ya jimbo la Indiana tarehe 17 Machi 1960 na kuua watu 63. Hakukuwa na dhoruba ya kuyaeleza mavunjiko hayo, na bawa lilikuwa na nguvu za kutosha kwa kila mzigo uliojulikana.

Jibu lilipatikana kwenye tabia ambayo mtoto yeyote aliyecheza pia ameiona. Pia inapozunguka kwa kasi hukataa kulazwa. Ukiisukuma pembeni haianguki upande uliousukuma, bali huanza kuyumba kwa duara, kichwa chake kikichora mviringo hewani. Pangaboi linalozunguka ni pia kubwa iliyolazwa, na likitikiswa nalo hutaka kuchora mviringo wake. Injini ikiwa imefungwa imara, mviringo huo ni mdogo na hufifia mara moja. Iwapo vishikizo vya injini vimelegea au vimepata ufa, mviringo hupanuka, na kadiri unavyopanuka ndivyo mwendo wake unavyozidi kuwa wa polepole, ukishuka hadi kiasi cha mizunguko 3 kwa sekunde, na hayo ndiyo yaliyokuwa masafa ya asili ya bawa la Electra. Hapo injini na bawa vilipatana, nishati ikatoka kwenye pangaboi na kuingia kwenye bawa, nalo likapinda juu na chini mpaka likavunjika. La kusikitisha ni kwamba kuyumba huko kwa pangaboi kulikuwa kumekwisha kuelezwa kimaandishi mwaka 1938 na wahandisi wawili wa Marekani, Taylor na Browne, lakini kwa miaka 20 hakuna aliyeona kuwa jambo lile lina hatari, kwa sababu ndege za wakati huo zilikuwa na vishikizo na mabawa ambayo hayakutoa nafasi ya kupatana.

Electra hazikusimamishwa kuruka. Mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru zipunguziwe kasi, uamuzi uliolaumiwa sana wakati ule, na wakati huohuo mfano mdogo wa ndege hiyo ukapelekwa katika handaki la upepo la NASA huko Langley, Virginia, lililokuwa ndiyo kwanza limeanza kazi. Handaki hilo lilitumia gesi ya friji badala ya hewa, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito takriban mara nne kuliko hewa, na mfano mdogo ukiwekwa ndani yake huweza kuwa mzito na imara kiasi cha kutengenezeka huku ukiendelea kuiga ipasavyo tabia ya ndege kamili. Majaribio yalithibitisha kisa chote. Lockheed iliimarisha vishikizo vya injini na sehemu za bawa, ndege zilizokwisha kuuzwa zikarudishwa kiwandani kufanyiwa marekebisho, na umbo hilohilo likazaa P-3 Orion, ndege ya doria ya baharini ambayo Japani iliituma Djibouti mwaka 2009 kulinda meli dhidi ya maharamia katika Ghuba ya Aden.

Kwa sasa hakuna ndege ya abiria inayopewa cheti bila kuthibitishwa kwamba haitapapatika. Kazi huanzia kwenye hesabu za kompyuta, kisha ndege ya kwanza hupelekwa katika banda la majaribio, ikawekwa juu ya vitu laini, ikabandikwa mamia ya vihisio na kutikiswa kwa mitambo ya umeme ili masafa yake ya kweli yalinganishwe na yale yaliyohesabiwa. Baada ya hapo huja safari za majaribio, ambapo marubani huongeza kasi hatua kwa hatua na katika kila hatua hulitikisa bawa kwa makusudi, pengine kwa kugonga usukani ghafla, huku wahandisi wakitazama mtetemo unachukua muda gani kufifia. Muda huo ukianza kurefuka, ni ishara kwamba kasi ya mpapatiko inakaribia, na safari hukatizwa. Kazi hiyo ina hatari yake: ndege ya Kijerumani Ju 90 ilivunjika mwaka 1938 katika jaribio la aina hiyohiyo. Kanuni za Marekani zinataka ndege kubwa iwe salama hadi asilimia 15 juu ya kasi ya upeo ya kupiga mbizi iliyotumika katika usanifu, kasi ambayo rubani wa kawaida hatarajiwi kuifikia maishani mwake.

Hata hesabu zikiwa nzuri, ndege mpya hushangaza. Boeing 747 ilipojaribiwa mwaka 1969 ilionyesha mpapatiko katika kasi kubwa, na sehemu ya tiba ikawa kuweka vizito vya urani iliyopunguzwa mionzi, metali nzito kuliko risasi, ndani ya vibanda vya injini za nje. Ni mantiki ileile ya kipande cha aileroni, kwa kipimo cha jumbo. Wahandisi wengine wameelekea njia tofauti, ya kuiachia kompyuta kazi ya kuhisi mpapatiko unapoanza na kuvisogeza vibao vya bawa haraka ili kuuzima; ndege ya mabomu B-52 ya majaribio ilifanya hivyo mwaka 1973 ikiruka juu kidogo ya kasi yake ya mpapatiko, na mwaka 2013 Marekani ilianza kurusha X-56A, ndege isiyo na rubani, iliyoundwa kwa makusudi iwe na mabawa yanayopapatika ndani ya kasi yake ya kawaida. Faida inayotafutwa ni bawa jembamba na refu zaidi, linaloifanya ndege itumie mafuta kidogo, ingawa kulitegemeza bawa kwenye programu ya kompyuta ni hatua ambayo watoaji wa vyeti wana kila sababu ya kuisogelea taratibu.

Ndege ikishatoka kiwandani, kinga dhidi ya mpapatiko huhamia mikononi mwa mafundi, na hapo mambo huwa madogo kwa namna ya kutisha. Tarehe 14 Septemba 1997 ndege ya kivita F-117 ilivunjika bawa la kushoto mbele ya watazamaji wa maonyesho huko Maryland, rubani akajiokoa kwa mwavuli. Uchunguzi ulionyesha kwamba skrubu nne kati ya tano za kishikizo kimoja ndani ya bawa hazikurudishwa baada ya matengenezo, hivyo bawa likapata nafasi ya kupapatika. Tarehe 16 Septemba 2011, katika mashindano ya ndege huko Reno, Mustang ya enzi za Vita Kuu ya Pili iliyokuwa imerekebishwa kwa mbio ilipoteza kibao kidogo cha mkiani baada ya nati zilizokwisha kutumika kulegea na kukiacha kipapatike, na ndege ikaangukia eneo la watazamaji; watu 11 walikufa, rubani akiwa mmojawapo.

Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya ndege ndogo hutoa kipimo cha mchezo, yaani kiasi ambacho ukingo wa kibao unaruhusiwa kucheza ukisukumwa kwa vidole, na kipimo hicho mara nyingi hakizidi milimita chache. Ndiyo maana pia aileroni iliyopakwa rangi upya hairudishwi moja kwa moja kwenye bawa. Rangi ina uzito, na karibu yote hukaa nyuma ya bawaba, mahali palepale Waholanzi walipopakataza. Fundi huiweka aileroni juu ya ncha mbili zilizochongoka, bawaba zikiwa ndizo egemeo, akaiacha itulie na kutazama ukingo wa nyuma unashuka kiasi gani. Kisha huongeza vipande vya risasi mbele, au hukwangua rangi ya zamani iliyorundikana chini ya mpya, mpaka kipimo kirudi ndani ya mipaka iliyoandikwa, ndipo anapotia saini na kuirudisha aileroni mahali pake.